Kampuni ilinilipa kwa lori la jeshi, na mke wangu amelichoka

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 57, naishi Usa River na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili wa mwisho. Kwa miaka 19 nilikuwa dereva wa kampuni iliyopeleka watalii safari ndefu za barabara, Nairobi hadi Cape Town na kurudi. Malori yetu yalikuwa Bedford MK yaliyostaafu jeshi la Uingereza, yakafungwa bodi ya viti, mahema na jiko la pembeni. Corona ilipoingia 2020 watalii walikauka, na mwaka uliofuata kampuni ikafungwa. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi saba pamoja na kiinua mgongo. Fedha hazikuwapo. Meneja aliniandikia barua kwamba nichukue lori moja badala ya madai yangu yote, nikasaini, nikapewa na kadi ya gari.

Siku ile nilirudi nyumbani kama mtu aliyepata. Lori lenyewe nililiendesha miaka 11, nalijua hadi linavyokohoa. Mke wangu alitoka nje, akalizunguka, akauliza swali moja: "Hili tunalila vipi?"

Tangu hapo nimeandika kila shilingi kwenye daftari. Kore mpya ya rejeta, 1,100,000. Betri mbili, 900,000. Matairi mawili mapya ya 12.00-20, nikayafunga mbele, 2,400,000. Kupima nozeli sita na pampu ya dizeli, 1,400,000. Hiyo ilikuwa Agosti 2022. Novemba gari likaanza kuchemka milimani, tukatoa themostati, likatulia kidogo. Desemba gasketi ya silinda hedi ikaungua, tukapeleka hedi kuchongwa uso. Machi 2023 ikaungua tena, tukafunga nyingine bila kuchonga. Gasketi zote mbili pamoja na ufundi, 1,650,000. Klachi, 450,000. Ukiongeza kuchomelea, oili, dizeli na posho za mafundi, 4,350,000, jumla ni 12,250,000. Katika hizo, milioni 5 ni mkopo ambao mke wangu aliuchukua Saccos ili tumalizie vyumba viwili vya kupangisha. Nilimwambia nitazirudisha ndani ya miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tatu, na rejesho analilipa yeye kwa cherehani yake.

Kilichoingia ni 3,100,000 tu. Nyingine ni za kubeba mchanga na samadi, lakini zaidi ya nusu nilizipata masika, kunasua malori na magari ya watalii yaliyozama kwenye tope.

Hali ya gari sasa ni hii. Linakunywa lita moja ya dizeli kwa kilomita tatu. Oili lita moja kwa kilomita 250. Asubuhi moshi mweupe dakika kumi hivi, kisha likipanda mlima unakuwa wa bluu. Maji ya rejeta yanapungua lita mbili kwa siku, nami hujaza ya bomba. Gia nzito ya transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu ekseli ya mbele na ya nyuma) hutoka yenyewe. Ukishika breki gari linavuta kushoto. Fundi amekaza na kulegeza breki ya kushoto mara tatu bila mafanikio. Rimu ya nyuma kushoto, ya pete, imeliwa na kutu.

Fundi wangu ni kijana aliyekuwa utingo wangu miaka sita, namwamini. Anasema injini hii imekwisha, tuweke ya Fuso, 6D16, kwa 9,500,000 pamoja na kufunga. Wakati huohuo nina watu watatu mlangoni. Wa chuma chakavu wanalipima kwa kilo na kusema litafika kama 3,500,000. Mwenye kambi ya watalii anataka alipaki bustanini kwake liwe pambo, watu wakae juu wanywe soda, anilipe 250,000 kwa mwezi. Wa tatu anapasua magogo huku mlimani, anataka tushirikiane: gari langu, kazi yake, nusu kwa nusu.

Mke wangu amelibatiza lori jina la Bi Mdogo. Zamani alilisema akicheka. Mwezi uliopita alisema, "Muuze Bi Mdogo au mhamie naye," kisha hajaligusia tena, na ukimya huo ndio unaonitisha.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumapili mbili zilizopita nilibeba kwaya ya kanisa, watu 22. Kwenye mteremko nilikanyaga breki, kanyagio likaanza kuzama taratibu chini ya mguu wangu. Nilirudisha gia, likashika. Wao waliendelea kuimba. Mimi sijalala vizuri tangu siku ile.

Nikiuza, nitakuwa nimefanya kazi miaka 19 kwa bei ya vyuma. Nisipouza, naona nyumba inanitoka. Nisaidie.

Dereva Mstaafu, Usa River

Jibu

Kaka yangu,

Pole, na ahsante kwa kulileta na daftari lake. Umetuandikia kuhusu injini, wanunuzi watatu na mke mmoja, lakini lililokunyima usingizi umeliweka mwisho kabisa wa barua. Tuanze nalo.

Kabla ya jingine lolote, Bedford lisibebe mtu hata mmoja, na lisitoke uani, mpaka breki zifunguliwe. Breki za gari hili ni za maji zikisaidiwa na upepo. Unalo tangi la upepo na geji, lakini kinachosukuma breki shuu kwenye gurudumu ni maji ya breki. Ndiyo maana geji inaweza kuonyesha upepo umejaa na bado ukakosa breki. Washa injini upepo ujae, kisha likiwa limesimama na magurudumu yamewekewa magogo, kanyaga na ushikilie kwa dakika moja. Likizama bila kuona tone popote, mipira iliyo ndani ya masta silinda inapitisha. Likizama na ukakuta unyevu ndani ya tairi au chini ya bamba la breki, ni silinda ya gurudumu. Zima injini uangalie na sindano ya upepo: ikishuka ungali umekanyaga, sikiliza unakovuja. Fungua pia koki ya tangi la upepo. Yakitoka maji yenye kutu, ujue halijamwagwa siku nyingi na vali zimekuwa zikinywa uchafu huo.

Kuhusu kuvuta kushoto, fundi wako anahangaika na upande ulio mzima. Gari huvuta kuelekea kwenye gurudumu linaloshika. Kwa hiyo breki iliyolala ni ya kulia. Fungua habu ya mbele kulia. Tungeangalia kwanza oili sili, kwa sababu ekseli ya mbele ya MK ina difu yake, na sili ikichoka oili huingia kwenye lainingi (kitambaa cha breki shuu kinachoshika), nayo huteleza kama sahani yenye mafuta. Lainingi iliyolowa oili haisafishwi kwa petroli ikarudi kazini. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Pili ni mpira wa breki wa upande huo, ule bomba laini linalopeleka maji gurudumuni. Mpira wa miaka mingi huvimba kwa ndani, ukazuia maji kupita wakati nje unaonekana mzima. Tatu, uliza waliwahi kuweka nini kwenye kikopo cha maji ya breki. Ikiwa gereji yoyote iliongezea oili ya hidroliki au ya giaboksi "kwa kuokoa safari," mipira yote ya mfumo itakuwa imelainika na kuvimba, na hutaponya kwa kubadili mmoja. Utasafisha mabomba yote, mipira yote mipya, na maji ya DOT 3 au DOT 4 peke yake.

Na ile rimu yenye kutu, mtu asiiguse kabla hujatoa sindano ya vali na upepo wote kuisha, hata kama ni kulegeza nati za gurudumu tu. Pete iliyoliwa na kutu huruka tairi likiwa na upepo, na inaua. Ukiipeleka kujazwa, iwe ndani ya kizimba cha chuma au imezungushiwa minyororo, mpira wa upepo uwe mrefu, na anayejaza asimame pembeni. Ikiwa kingo zake zimekuwa kama meno ya msumeno, hakuna cha kuchomelea hapo. Tafuta nyingine.

Sasa injini. Kijana wako anasema imekwisha, na huenda yuko sahihi. Lita moja ya oili kwa kilomita 250 si jambo dogo. Lakini hebu lisome daftari lako upya, safari hii bila kutazama safu ya fedha. Tazama tarehe. Pampu ilishushwa Agosti 2022. Miezi mitatu baadaye gari likaanza kuchemka, kisha themostati ikatolewa, kisha gasketi, kisha gasketi tena. Je, moshi mweupe wa asubuhi ulikuwepo kabla ya Agosti ile? Pampu ikirudishwa bila alama zake kulingana, hata kwa nyuzi chache tu, dizeli huweza kuingia kwa kuchelewa. Ikichelewa, asubuhi haiungui yote, unapata moshi mweupe unaochoma macho. Gari hupoteza nguvu, linakunywa zaidi, na joto linaongezeka mlimani. Hatusemi ndivyo ilivyo. Tunasema kuangalia alama ya pampu na ya flaiwili kunachukua asubuhi moja, na injini ya Fuso ni milioni tisa na nusu.

Themostati irudi. Mafundi wetu wana mapenzi ya ajabu na kuitoa, lakini bila yake injini hutembea baridi sehemu kubwa ya siku, ringi na silinda zinalika upesi, na moshi mweupe unaongezeka. Maji ya bomba nayo, kwa miaka, huacha gamba na kutu ndani ya bloku. Ulibadili kore ya rejeta, je, bloku ilioshwa? Ukifunga rejeta mpya kwenye bloku yenye matope, matope yanahamia kwenye rejeta mpya.

Gasketi iliyoungua mara mbili ndani ya miezi michache huwa inasema kitu. Hedi ilichongwa mara ya kwanza; uso wa bloku uliwekewa rula ya chuma na fila geji? Hedi ilijazwa upepo ndani ya maji ya moto kutafuta ufa katikati ya vali? Nati zilikazwa kwa toki renchi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na zikarudiwa baada ya kutembea? Kama jibu ni "tulikaza kwa bomba," basi gasketi ya pili haikuwa na kosa. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, utazame. Mapovu yanayotoka mfululizo tangu dakika ya kwanza ni moto wa silinda unaoingia kwenye maji, na lita zako mbili za kila siku zimepata njia. Vuta na kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena.

Moshi wa bluu nao una lugha mbili. Ukitoka kwa wingi pale unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu, kisha ukapungua, tazama gaidi za vali, yaani mirija ambamo vali hupanda na kushuka. Ukitoka muda wote gari likiwa na mzigo, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili unaona linapumua kama treni, hapo ni ringi na silinda. Baada ya yote hayo, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote sita injini ikiwa na joto. Usihangaikie sana ukubwa wa namba kuliko tofauti yake. Sita zinazokaribiana, zilizo chini kidogo, ni mzee anayeweza kutembea. Moja au mbili zilizo chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi zinakuonyesha pa kufungua. Zote zikiwa chini kabisa, kijana wako alisema kweli, na utakuwa umeujua ukweli huo kwa gharama ndogo.

Ukifika huko, bado kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifanyia ovahoo, yaani kuifungua yote na kuifanya upya, injini ileile, lita 5.4, silinda sita. Familia ya injini hii ilitumika pia kwenye Bedford TK za kiraia, kwa hiyo usitafute "spea za jeshi." Tafuta za TK. General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986, na kampuni ya AWD iliyorithi kiwanda cha Dunstable ilianguka 1992, kwa hiyo hakuna dirisha la kiwanda. Zipo spea za zamani za jeshi Uingereza, na zipo za Pakistan, ambako Bedford bado ziko barabarani. Ubora wa hizi za pili unatofautiana. Pima pistoni na ringi kwa maikromita kabla ya kulipa, sio baada.

Ya pili ni hiyo 6D16. Si wazo la kijinga. Ni ya volti 24 kama gari lako, spea zake ziko kila mji, na kila fundi anaijua. Ila kijana wako amekupigia bei ya injini na kufunga. Muulize na haya. Ni injini ya lita 7.5, na msukumo wake ni mkubwa kuliko ule ambao giaboksi yako ya gia nne na transfa, ambayo tayari inarusha gia, vilitengenezwa kuuvumilia. Nani atachonga bamba la kuunganishia, na atalipimaje liwe katikati kabisa? Likienda pembeni kidogo tu, beringi ya shafti ya giaboksi italia ndani ya miezi. Injini ya MK inakaa nyuma ya viti, unaifikia kwa vifuniko vya ubavuni. Kabini haipinduki kama ya Fuso. Je, sampu (bakuli la oili chini ya injini) itapita juu ya ekseli ya mbele springi zikibonyea? Utakapotaka kukaza nati ya nozeli ya nyuma, mkono utaingia? Halafu namba ya injini iliyo kwenye kadi haitalingana tena na iliyo kwenye gari. Lazima ikaguliwe na ibadilishwe TRA, la sivyo kila kituo cha ukaguzi kitakuwa na mazungumzo marefu.

Transfa usiikimbilie bado. Umefunga matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo ukiunganisha ekseli ya mbele, magurudumu yote yanalazimishwa kuzunguka sawa. Matairi yakitofautiana, shafti zinajikunja kama nguo inayokamuliwa, na kitu hutafuta pa kutokea. Pima mzunguko wa kila tairi kwa kamba. Tairi la 12.00-20 lina mzunguko wa karibu mita tatu na nusu. Tofauti ya zaidi ya sentimita tatu kati ya mbele na nyuma si ya kupuuza. Na kwenye lami ekseli ya mbele ikae imefunguliwa daima. Hilo unalijua, ila mtu utakayemwazima huenda halijui. Baada ya kusawazisha matairi, gia ikiendelea kutoka, hapo angalia springi ya kishikizo cha gia, kisha uma na meno.

Sasa kadi, kaka. Umesema ulipewa. Hukusema imeandikwa jina lako. Ikiwa bado ina jina la kampuni, basi watu wote watatu mlangoni wanajadiliana na mtu ambaye kwa karatasi si mwenye gari. Wa chuma chakavu hatajali, mpaka siku mtu atakapouliza lile lori lilikwenda wapi. Itoe nakala ile barua ya meneja, mpelekee mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria, uulize jinsi ya kuhamisha umiliki wakati mwenye kusaini hayupo, na kama kuna kodi au ada za nyuma zinazolidai gari. Uliza pia kuhusu madai yako ya kazi. Muda wa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30 kwa kuachishwa na siku 60 kwa madai mengine, hivyo ulishapita zamani, na kuomba kuongezewa kunahitaji sababu nzito. Hatukupi tumaini kubwa hapo.

Na hapa ndipo tungependa kukuuliza jambo, kwa upole. Unasema ukiliuza utakuwa umefanya kazi miaka 19 kwa bei ya vyuma. Lakini deni lile lilikuwa la kampuni, si la lori. Inawezekana umekuwa ukilidai Bedford likulipe kile ambacho waajiri wako hawakukulipa, na kila milioni unayolipa gereji unaiona kama kufuatilia haki yako. Kama ndivyo, hakuna injini itakayotosha. Ukilitazama kama chombo tu, kilichofika kwako bila wewe kukichagua, je, maamuzi yako yangebadilika? Huenda yasibadilike. Ni vizuri ujue.

Ofa zenyewe basi. Mwenye kambi anakupa 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka, karibu bei ya chuma chakavu, na gari bado lako. Hiyo ikilipwa. Pambo lina hatari zake: baada ya mwaka atataka kutoboa bodi aweke kaunta, matairi yatapasuka kwa jua, silinda za breki zitaganda, na siku ya kulitaka halitatoka. Ukielekea huko, mkataba uandikwe, useme hakikatwi kitu bila idhini yako na malipo ni kabla ya mwezi. Liwekwe juu ya stendi matairi yasibebe uzito, handibreki isifungwe, na uwe na ruhusa ya kulitikisa kila mwezi.

Wa magogo anatutia wasiwasi zaidi, ingawa ndiye mwenye fedha za haraka. MK ni lori la tani nne. Nani atahesabu magogo? Nusu kwa nusu ni kabla ya dizeli au baada? Sili za ekseli zikikatika msituni, nusu yake iko wapi? Na mzigo wa mazao ya misitu husafiri kwa hati; ikikosekana, wanaoshikiliwa ni dereva na gari, naye atakuwa nyumbani kwake.

Wa kilo, kama moyo wako utafika huko, asipewe gari zima kwa kilo. Ekseli ya mbele, transfa, matairi mawili mapya, betri na ile rejeta vina wateja wao kwa mwenye Bedford mwingine, na huenda vikazidi bei ya mzigo wote. Ni kazi ya polepole, na uwanja utajaa vyuma kwa miezi. Muulize shemeji yetu, mkeo, kama ataweza kuvitazama.

Kuna njia ya nne ambayo umeipitia haraka. Zaidi ya nusu ya mapato yako ni kunasua magari masika. Hiyo ndiyo kazi ambayo lori hili lilizaliwa nayo: mwendo mdogo, kilomita chache, gia nzito, na dizeli ya lita moja kwa kilomita tatu haiumi sana kama kazi iko karibu. Haihitaji injini ya lita 7.5. Inahitaji breki, matairi yanayolingana na injini isiyomwaga maji. Ina hatari yake pia, maana kamba ya chuma au shakili ikikatika huruka kama risasi. Kamba ifungwe kwenye chesisi, si kwenye bampa, watu wakae mbali kwa urefu wa kamba na zaidi, na mwenye gari lililozama akubali masharti kabla hujavuta. Bima yako uisome. Ya kawaida huenda haigusi kazi hiyo. Lakini masika ni miezi michache, na kuna mwaka ambao mvua hugoma.

Shemeji yetu hatukumsikia, tumesoma maneno yake kupitia kwako tu. Hata hivyo, swali lake la siku ya kwanza, "Hili tunalila vipi?", hatuoni kama ni la mtu anayelichukia lori. Lilikuwa swali la hesabu, na hadi leo hajajibiwa. Anaona vyumba viwili havijamalizika na rejesho linatoka kwenye cherehani. Unafikiri anataka Bi Mdogo auzwe, au anataka milioni 5 ziwe na tarehe? Hayo ni mambo mawili, na majibu yake hayafanani. Ungeweza kumpa daftari lenyewe, siyo jumla yake, akae nalo siku mbili peke yake. Mnaweza kukubaliana kiasi kimoja cha kuchunguza breki na injini, chenye mwisho, na kwamba kila shilingi ya kwanza itakayotoka kwenye lori, iwe ya kambi, ya masika au ya kuuza ekseli, inaingia Saccos kabla ya kuingia gereji. Anaweza kukataa. Basi umesikia jibu lake kwa kinywa chake badala ya kulisoma kwenye ukimya.

Mweleze na ya kwaya. Itakuwa vigumu, kwa sababu huenda baadhi ya wale 22 ni majirani zake. Lakini akiisikia kwanza kwa mtu mwingine itakuwa vigumu zaidi.

Kijana wako usimtupe. Mtu aliyekaa kiti cha utingo miaka sita anayesema "injini imekwisha" anaweza kuwa anakuonea huruma. Mpe kazi ya kupima kompresheni, umlipe kwa kupima, si kwa kufunga. Zikipatikana zile namba sita, tuandikie kwa mpangilio kuanzia silinda ya mbele, pamoja na alama ya pampu ilikutwa wapi na habu ya kulia ilikuwa na nini ndani. Tutazisoma pamoja nawe.